Kanga Niliyoifua

Mwanangu Nyamizi,

Ninakuandikia nikiwa nimeketi juu ya gunia la mchele katika chumba cha stoo, katikati ya masufuria yako mapya na mablanketi uliyotunzwa kwenye sendofu. Hiki ndicho chumba pekee cha nyumba hii ambacho shangazi zako hawajakiteka. Nawasikia uani. Wewe umenyoosha miguu mkekani unapakwa hina, nao wanakufunda kwa zamu: mmoja yuko kwenye chumvi ya mboga, mwingine amefika mahali ambapo sauti inashuka na vicheko vinapanda. Sitagusa yao. Kesho baada ya misa ya ndoa utaondoka na Nestori kwenda Ulyankulu, na katika mafundisho yote uliyopewa wiki hii hakuna hata moja lililojibu ulichoniambia jana. Hata mimi sikukijibu.

Tulikuwa tunakunja vitenge. Ulisema bila kuniangalia:

“Mama, Nestori nampenda. Ila mtoto wake simpendi.”

“Unamchukia?”

“Simchukii. Ningemchukia ningejua la kufanya. Siku ile nilipombeba nilijiona kama abiria aliyeachiwa mzigo wa mtu kwenye kituo cha treni cha Tura. Unaushika, unaangalia huku na huku, unasubiri mwenyewe arudi.”

Kisha ukanionyesha kidole ambacho mtoto huyo, Keza, alikuuma siku ile, ukasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: “Nafikiri nitamwambia Nestori amwache tu kwa bibi yake. Mama wa mtoto amekufa, bibi amemzoea, na mimi damu yake si yangu. Nitazaa wangu.”

Nami, mwanamke ambaye katika ujana wake hakuna kipaza sauti kilichompita bila yeye kukishika, nilisema, “Tutaongea,” nikakikunja upya kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari.

Leo naongea. Nisikilize.

Tangu ulipoanza kuuliza maswali unajua kwamba sikukuzaa. Unajua kwamba aliyekuzaa ni dada yangu Wande, na kaburi lake tumelipalilia pamoja huko Igunga kila kiangazi. Usilolijua ni jinsi mimi na wewe tulivyoanza. Sikulificha kwa makusudi. Lilikosa siku yake. Naona siku yake ni leo.

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu nilisoma biolojia asubuhi na mapinduzi jioni. Nilikuwa mwembamba, mkali, na nilivaa viatu vya kaka yangu kwa makusudi. Palifanyika mdahalo kuhusu mapenzi, kama ni uhuru au utumwa, na mimi nilipanda jukwaani nikiwa na daftari la maabara mkononi kana kwamba ni hati ya mashtaka. “Ndugu wanamdahalo!” nilinguruma. “Mnachokiita mapenzi ni majimaji machache yanayotengenezwa ndani ya ubongo! Ipo dopamini, inayokufanya ukeshe ukimsubiri mtu asiye na habari nawe. Ipo oksitosini, inayomfunga mama kwa mtoto na mke kwa mume kama kamba ya katani. Bepari anatufunga kwa mshahara, maumbile yanatufunga kwa homoni, na sisi tumekuja hapa kukata kamba zote!”

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Yalipotulia, kijana mmoja mrefu kutoka Urambo, mtoto wa wakulima wa tumbaku, alisimama nyuma kabisa, akauliza kwa upole wa kuudhi: “Ndugu msemaji, njaa nayo ni homoni. Leo jioni hutakula?”

Kicheko kile nadhani bado kinatembea kwenye kuta za ukumbi. Nilimchukia yule kijana kwa moyo wangu wote, ingawa moyo wenyewe, nikiri, ulikuwa unadunda kwa kasi ambayo mada haikuihitaji. Jina lake Masanja. Ndiye unayemwita Baba.

Likizo iliyofuata nilikuwa nyumbani Igunga Wande aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mwanamume wake alikuwa amekwenda machimboni na habari zake zilikuwa zimekatika. Alijifungulia juu ya mkokoteni wa maksai, njiani kwenda zahanati, mimi nikimshika mabega. Wewe ulilia kwa nguvu. Yeye alitabasamu, akauliza kama ni msichana au mvulana, kisha damu ikakataa kukoma.

Nyamizi, ile oksitosini niliyoidhihaki ndiyo hulikaza tumbo la uzazi mtoto akishatoka, ili mishipa ibanwe na damu ikome. Nilikuwa nimeisoma. Niliweza kuichora. Kwa dada yangu haikutosha, na njia ilikuwa ndefu kuliko damu yake. Neno nililolirusha ukumbini kama jiwe la mzaha lilinirudia usoni. Kamba niliyotaka kuikata, siku ile ningetoa kila nilichonacho ili ikaze.

Baada ya mazishi, bibi yako Milembe alikuweka mapajani pangu akasema, “Mshike.” Nikakushika. Nikangoja lile jambo ambalo kila mtu husema huja lenyewe. Halikuja. Niliona kitu chekundu, kilichokunjamana, kinacholia, kilichokuwa kimechukua nafasi ya dada yangu duniani. Nilikutazama kama ulivyomtazama Keza. Usifikiri u mbaya. Na kama u mbaya, basi tu wawili.

Nawe pia hukunitaka. Tulikupa maziwa ya kopo kwa chupa, ukageuza uso. Tukabadilisha chupa, ukageuza uso. Ndipo Bibi alipomkumbuka ng'ombe wetu mwekundu, ambaye masika ile ndama wake alikufa. Wewe umemwona Bibi akifanya, lakini wasichana wa mjini husahau: ndama akifa, mama yake huzuia maziwa, hata umkamue vipi. Basi ngozi ya ndama huchunwa, hujazwa nyasi, husimamishwa mbele yake. Ng'ombe huinusa, huilamba, na maziwa hushuka. Nilipoiona mara ya kwanza baada ya kuonja chuo, nilimwambia Bibi kwamba huo ni unyonyaji wa hisia za mnyama. Alijibu huku akikamua, “Na hizo siasa zenu za chuoni, mwanangu, si ngozi iliyojazwa nyasi? Mbona mnazilamba?”

Safari hii hakutania. Aliniletea kanga ya Wande, ile aliyoivaa miezi yake ya mwisho, iliyobaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Nyingine zote alizikwa nazo au ziligawiwa. “Jifunge hii,” alisema, “kisha umlaze kifuani. Atanusa.”

Na mimi, mwanafunzi wa biolojia, niliiona ile kanga. Niliona jasho. Niliona vumbi la mkokoteni. Niliwaza vidudu na kitovu cha mtoto mchanga. Nikachota maji, nikaifua kwa sabuni ya mche, nikaisuuza mpaka maji yakawa meupe, nikaianika juani. Ilipokauka nikajifunga, nikakupakata. Ulilia mpaka ukapoteza sauti.

Bibi alitoka, akashika pindo la kanga, akalipeleka puani.

“Umeifua?”

“Ilikuwa na jasho, Mama, na mtoto mchanga hana—”

“Umemfua dada yako,” alisema. “Ukamwanika kambani.”

Akaingia ndani. Kwenye mazishi hakuwa amelia. Siku ile alilia. Mimi nilibaki uani na kanga safi inayonukia sabuni.

Hila ya Bibi ilikuwa imekufa, nimeiua mimi, na elimu yangu haikuwa na nyingine. Hapakubaki kitu cha kukuhadaa nacho isipokuwa mimi mwenyewe. Muuguzi wa zahanati alisema nikuweke ngozi kwa ngozi, basi nikakuweka. Nilikulisha kwa kijiko, tone kwa tone, nikikuimbia nyimbo za migomo kwa sababu ndizo pekee nilizozijua mpaka mwisho. Nilikubeba nikiteka maji, nikipepeta mahindi, nikisoma. Sitaki kukudanganya kwa uzuri wa kumbukumbu: sikukupenda. Nilikubeba. Bibi aliponiuliza, “Anakuzoea?” nilijibu, “Ananivumilia. Na mimi namvumilia.”

Sijui ilibadilika siku gani. Najua tu siku niliyoigundua. Mjomba wako Shija alikuwa amekuja kutoka Nzega, na tulikuwa tunabishana kuhusu bei ya pamba. Wewe ulikuwa nyumba ya jirani, mikononi mwa wanawake wa huko. Nilikuwa katikati ya hoja, kidole kimeinuka, hoja nzuri kweli, na ghafla nikanyamaza. Nikasimama. Miguu ilikuwa imeshaanza kutembea kabla kichwa hakijajua kwa nini.

“Vipi?” Shija aliuliza.

“Analia.”

“Nani? Mbona sisi hatusikii?”

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nyuma yangu nilimsikia akipiga mapaja kwa kicheko: “Mama, njoo uone maajabu! Msemaji ameacha sentensi njiani!”

Ulikuwa unalia kweli. Nilipokuchukua ulinusa shingo yangu, jasho langu mwenyewe, ukanyamaza. Nami nikahisi joto likishuka kutoka kooni mpaka tumboni, kama maziwa yanavyoshuka kwa ng'ombe, ingawa sikuwa na maziwa. Hapo ndipo nilipolia kwa ajili ya Wande, na kwa ajili yako, na kidogo kwa ajili ya ile hotuba.

Baadaye nilirudi kwenye vitabu kwa unyenyekevu kidogo. Wataalamu wanasema homoni hizi hazimngoji mzazi wa damu peke yake. Mikono inayobeba, jicho linalotazama jicho, ngozi inayogusa ngozi, huuamsha mwili wa anayetunza hata kama hakuzaa; hata wanaume wanaolea watoto miili yao hubadilika, ukali ukapungua na uangalifu ukaongezeka. Ningepata tena lile jukwaa ningesema hivi: mimi nilikuwa nangoja upendo uje ndipo nikubebe, kumbe mwili wangu ulikuwa unangoja nikubebe ndipo upendo uje.

Lakini usituone tumepona haraka hivyo, mimi wala wewe. Oksitosini si asali ya kumpaka kila mtu mdomoni. Homoni ile ile inayomfanya ng'ombe amlambe ndama wake ndiyo humfanya ampige pembe ndama wa mwenzake. Inafungua mlango mmoja na kubana mwingine. Sasa kitazame tena kidole chako. Keza alimpoteza mama yake kabla hajajua kutembea, na tangu hapo dunia yake yote ni mgongo wa bibi mmoja. Kisha siku moja anakuja mwanamke anayenukia manukato ya mjini, amevaa nguo inayochakacha, anamng'oa kwenye mgongo ule huku watu wakipiga picha. Ungefanya nini? Mimi ningeuma mpaka mfupa. Yule mtoto hakukuchukia. Alikuwa analinda alichobakiwa nacho. Mtoto anayejua kulinda hivyo ameshaonyesha kwamba anajua kupenda. Kazi ngumu imekwisha fanywa na bibi yake.

Na huyo Nestori wako. Najua unavyokuwa pikipiki yake inapokata kona. Unaacha hata kijiko ndani ya uji. Sikucheki. Niliporudi chuoni nikiwa nimekubeba mgongoni, Masanja alitusimamisha mbele ya maktaba, akakutazama, akanitazama, akasema, “Ndugu msemaji, naona umepata homoni yenye miguu.” Nilitaka kumjibu kwa hoja tatu, nikajikuta nacheka. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikusoma ukurasa mzima bila kuliona jina lake pembeni. Ile ndiyo dopamini, mwanangu, na ni tamu, na sikuombei ipungue kabla ya saa yake.

Ila ina saa yake. Kwangu ilipita tukiwa tumeshaoana, wewe umeanza kuota meno ya mbele upya. Niliamka nikamwona mtu anayekoroma, anayeacha viatu njiani, na moyo wangu umetulia kama maji ya mtungi. Nilidhani nimetapeliwa. Badala ya kuuliza huo utulivu ni wa namna gani, nikaufanyia mapinduzi: nikafunga mkoba, nikakuchukua, nikapanda basi kwenda Igunga. Mtu aliyesoma, Nyamizi! Aliyejua kabisa kwamba moto wa kwanza si wa kudumu, na kwamba chini yake hujengwa kitu kingine, kimya, kwa mikono inayogusana katika kupitishiana kikombe. Nilikisoma kitabuni, sikukitambua nyumbani kwangu.

Huko Igunga ukapata homa, na kila usingizi ulipokukataa ulidai mgongo wa Baba. Si wangu, si wa Bibi. Wake. Mwanamume asiye na tone la damu yako. Nami pia sikulala, nikasingizia homa yako. Alikuja kwa basi la mchana, akamwamkia Bibi, “Shikamoo, Mama,” Bibi akajibu, “Marahaba, mpokee mgonjwa wako,” basi. Hakudai maelezo. Alikuweka mgongoni, akazunguka uani, akazunguka, mpaka shavu lako likalala begani mwake. Nilikaa kizingitini nikiutazama ule mgongo, na kile nilichodhani kimekufa nikakiona kinatembea mbele yangu kimebeba mtoto.

Alipopita karibu alisema bila kusimama, “Ndugu msemaji, nina njaa.”

Nikaenda kumpikia. Tulirudi hapa Tabora pamoja.

Sasa nirudi kwa Keza, maana nasikia shangazi zako wanaanza kuulizana niko wapi. Uliniambia damu yake si yako. Tazama nyumba hii unayoiacha kesho. Mama hakukuzaa, baba hakukuzaa, na jana ulipotaka kulitoa neno lililokuelemea kuliko yote, ulilileta kwetu. Damu ilikuwa wapi? Uliniambia pia kwamba ulijiona umebeba mzigo wa mtu. Njia mtakayoshika kesho kuelekea magharibi ni jirani na ile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani, na katika wao walikuwamo mababu zetu. Walibeba pembe na shaba za watu mpaka mabega yakaota sugu, na mwisho wa safari wakazitua na kurudi makwao. Mzigo wa mtu ni huo: una mahali pa kuutua. Mtoto hana mahali pa kumtua. Ndiyo maana anatisha, na ndiyo maana mwili, ukishachoka kumngoja mwenyewe arudi, huamua kuwa mwenyewe.

Kwa hiyo sikuombi umpende Keza kesho. Ningekuomba hivyo ningekuwa mwongo tena jukwaani. Nakuomba usimwache nyuma kwa sababu ya kile ambacho hukukihisi siku moja, mbele ya kamera, ukiwa umevaa viatu vinavyobana. Mchukue. Umwombe bibi yake kitenge anachombebea, na mara nyingi bibi mwenyewe aje akae nanyi, usimwonee wivu. Jifunge kitenge hicho. Mwogeshe. Mlishe hata akigeuza uso. Mwimbie chochote unachokijua mpaka mwisho. Akikuuma, ona anachokilinda. Na siku utakapoacha sentensi njiani kwa sababu umesikia kilio ambacho wengine hawakukisikia, usihangaike kuniandikia insha. Nipigie tu, unyamaze. Nitajua.

Na kile kitenge, Nyamizi, kikiwa na jasho, kikiwa na moshi wa jikoni, kikiwa na vumbi lote la Ulyankulu, usikifue. Kiache mpaka atakapokuwa analala bila kukitafuta.

Nami nina ombi langu. Baba yako amejifanya ana shughuli ya kupanga viti tangu asubuhi, anavipanga na kuvipangua. Mimi nimejificha stoo. Kesho jioni nyumba hii itakuwa na nafasi kubwa kuliko tunavyoweza kuijaza, na miili yetu, isiyojua kusoma kadi za mwaliko, itakutafuta. Ile kanga uliyojifunga sasa hivi huko uani, yenye madoa ya hina pindoni, usiifungashe. Itundike kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chako, hivyo hivyo ilivyo.

Safari hii sitaigusa kwa sabuni.

Mama